Gita la babu: nyuzi ziko juu kama kamba za kuanikia nguo, nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Umoja, Nairobi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga gita kule Butere miaka ya 1960. Tulipokuwa tukibomoa jiko lake la zamani tulilikuta gita limetundikwa juu ya mafiga, jeusi kwa masizi. Halina jina, karatasi ya ndani imeliwa. Daraja halikugundishwa, limesimama tu kwa kukandamizwa na nyuzi, nazo nyuzi zimefungwa kwenye bati lililopigiliwa mkiani. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) nyuzi ziko milimita 6 juu. Kisigino cha shingo kimeachana na mwili, kadi ya benki inapenya. Uso una ufa kutoka chini ya daraja hadi ukingoni, na ukiligonga kuna kitu kinatetema ndani. Ile nati ya plastiki, kipande chenye mifereji ya nyuzi pale karibu na kichwa, imekatika, na masikio mawili ya kukazia nyuzi yamevunjika. Seremala wa mtaani anasema atapiga skrubu kwenye shingo, apige msasa na vanishi, ling'ae. Kaka yangu ameshanunua nyuzi nene ili litoe sauti kubwa. Wengine wanasema nilitundike ukutani liwe pambo. Mimi nataka kulipiga. Picha na vipimo nimekutumia. Inawezekana? Na kipi naweza kufanya mwenyewe?

JIBU: Mwalimu, kwanza mwambie seremala asubiri, na zile nyuzi za kaka zirudi dukani kama risiti bado ipo. Katika barua yako yote hayo mawili ndiyo yanayoweza kuliua gita hili. Ufa, mtetemo, nati, masikio, hata hiyo shingo, vyote vinatengenezeka, na zaidi ya nusu ya kazi utaifanya mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Kazi moja tu ndiyo utakayoniletea, nayo ni shingo.

Kuhusu jina, usijisumbue sana. Mjini hapa kila gita kuukuu lisilo na karatasi huitwa Gallotone, kwa sababu magita hayo ya Durban, Afrika Kusini, yalienea sana barani katika miaka ya 1950. Hayakuwa magita ya wakubwa: John Lennon alianza na Gallotone Champion akiwa kijana Liverpool, na ndani yake karatasi iliahidi kwamba halitapasuka. Lako huenda ni la huko, au la Japani, au la Chicago, ambako kampuni ya Harmony ilitoa magita ya wanafunzi kwa wingi hadi ilipofunga mwaka 1975. Kwa kazi iliyo mbele yetu haina tofauti. Yote yalijengwa kwa mtindo mmoja: mbao za bei nafuu, daraja la kuegemezwa, bati mkiani, shingo isiyo na fimbo ya chuma ya kurekebishia, na ndani ya uso mbavu zilizolazwa sambamba kama vipawa vya ngazi. Magita ya bei mbavu zake hukatizana kama herufi X, na ndiyo maana hustahimili nyuzi nene. Ya ngazi hayastahimili.

Halafu nikwambie jambo litakalokufurahisha. Babu alipolitundika juu ya mafiga alijua alichokuwa akifanya, au bibi alijua. Ni akili ileile ya kutundika mahindi ya mbegu juu ya moto: moshi hufukuza bungua. Nimepokea magita yaliyokaa sebuleni, juu ya kabati, yanang'aa kwa nje na kumbe ndani yamebunguliwa yakawa unga. Katika picha zako sioni tundu hata moja. Lakini moto uliofukuza wadudu ndio uliokausha mbao, na mbao ikikauka hunywea kwa upana wake. Ufa wako umetoka hapo. Gundi ya kisigino nayo imepikwa na joto lilelile kwa miaka.

Sasa tuhesabu, wewe ni mwalimu hutachoka. Milimita 6 kwenye freti ya 12 ni balaa. Mtoto akianza na gita la namna hiyo ataliacha kabla vidole havijaota sugu. Tunataka milimita 2.5, au 3 kwa uzi mnene, na kwa gita la aina hii nitaridhika. Kwa hiyo tunatafuta milimita 3 hadi 3.5 za kushusha. Zimetoka wapi?

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Kama inapenya chini ya kisigino, basi shingo imeinama kuelekea mbele kwa kiasi hicho pale chini. Umepima kutoka nati hadi freti ya 12 ukapata sentimita 31, na pichani naona shingo inaungana na mwili hapohapo kwenye freti ya 12. Kisigino chako kina urefu wa kama milimita 75. Chukua 0.76, zidisha kwa 310, gawa kwa 75: unapata milimita 3 na kidogo. Hicho ndicho kimo ambacho kichwa cha gita kimepanda kwa sababu ya mwanya usioingia hata kucha. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo pale athari ni nusu yake, milimita 1.5 hivi. Tukifunga mwanya, 6 inakuwa 4.5 bila kugusa kitu kingine. Zilizobaki, milimita 1.5 hadi 2, tutazipata kwa kupunguza daraja. Na kwa hesabu hiyohiyo ya nusu, ukitaka milimita 2 kwenye freti ya 12 lazima uondoe milimita 4 darajani. Wengi hukosea hapo: wanapunguza 2, wanaona hakuna kilichobadilika, wanakasirika, wanapunguza mpaka nyuzi zinalalia freti.

Ndiyo maana nimesema seremala asubiri. Skrubu itavuta kisigino kweli, na siku ya kwanza utamshukuru. Lakini kisigino cha magita haya mara nyingi ni vipande vya mbao laini vilivyogundishwa kimoja juu ya kingine; skrubu ya kabati ikipita kati yake inakuwa kabari. Kinapasuka kwa urefu, na fundi atakayekuja baadaye hawezi kung'oa shingo kwa usalama kwa sababu kuna chuma katikati. Mimi mwenyewe sijawahi kupiga skrubu ya namna hiyo, ila nimefanya dhambi iliyo dada yake. Nikiwa bado mwanafunzi wa kazi niligundisha shingo ya gita la mteja kwa gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya. Ilishika kama saruji. Miaka michache baadaye gita lilirudi, shingo imepinda kwa namna nyingine, na nilipojaribu kuiondoa ikatoka na nusu ya kigogo cha ndani. Nilimlipa mteja. Tangu siku hiyo, kiungo chochote ambacho mtu atahitaji kukifungua tena, nakigundisha kwa gundi inayofunguka kwa joto na maji.

Nitakavyoifanya shingo yako ni hivi. Kwanza kipimo ambacho wewe unaweza kukifanya leo: legeza nyuzi zote kabisa, subiri saa moja, jaribu tena ile kadi. Ikikataa kupenya, kiungo kinacheza, kinafunguka nyuzi zinapovuta tu. Hiyo ni habari njema maana gundi imeshakufa yenyewe. Ikipenya vilevile, gundi imeachia chini lakini imeng'ang'ania juu, na nitahitaji mvuke. Nang'oa freti ya 13, natoboa tundu la milimita 2 ndani ya mfereji wake mpaka kwenye uwazi wa kiungo, kisha naingiza mvuke kwa mpira mwembamba kutoka kwenye sufuria ya presha, ileile ya kuchemshia maharagwe. Dakika chache, gundi ya zamani inalainika, shingo inatoka kama jino la mtoto. Nasafisha gundi kuukuu, nachonga kisigino kidogo sana pale inapohitajika, narudisha. Kuchonga huko, kama ulivyoona kwenye hesabu, ni chini ya milimita moja. Tundu linafunikwa na freti ikirudi, hakuna atakayejua.

Nikikuambia usijaribu hili nyumbani sikuogopeshi bure. Mvuke ukizidi, unaachanisha na vitu ambavyo hukukusudia.

Hayo mengine ni yako.

Anza na masizi, lakini pole pole. Brashi kavu ya kupakia rangi, laini, ndani na nje. Kisha kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa mpaka kisitoe tone, na chembe ya sabuni ya vyombo. Sehemu zenye uchafu sugu, mate. Usicheke, hata wanaohifadhi picha za kale kwenye majumba ya makumbusho hutumia mate kwenye pamba, kwa sababu yana vimeng'enya vinavyoyeyusha uchafu bila kudhuru rangi. Kitu usichotumia ni mafuta ya taa. Najua ndiyo dawa ya kila kitu nyumbani, lakini yakiingia kwenye ufa hakuna gundi itakayoshika hapo tena. Dawa za kung'arishia fanicha nazo ziache dukani, kwa sababu hiyohiyo.

Wala usipige msasa. Nimeiona picha yako ya nne, ile ya karibu, ambapo rangi imekwisha kabisa chini ya tundu la sauti, doa la ukubwa wa yai, na jingine dogo pembeni. Pale ndipo kidole cha babu kilipokuwa kikigusa mbao kila alipokwangua nyuzi. Kama alipiga omutibo, ule mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya, na kwa Butere ya miaka hiyo siwezi kushangaa, kidole gumba kilikuwa na kazi ya besi na cha shahada kazi ya wimbo, na pembeni kulikuwa na mtu anakwaruza chupa ya Fanta kuweka mapigo. Mpiga gita George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa akipiga hivyo. Angalia pia nyuma ya shingo, karibu na freti ya 2 na ya 3: kama kuna mkwaruzo wa kukata shingo kwa upana, huenda ni alama ya kalamu ya risasi iliyofungwa kwa mpira, kapo (kibanio cha kufupisha nyuzi zote kwa pamoja) ya watu wasio na pesa ya kapo. Vanishi ya seremala ingefuta yote hayo kwa mchana mmoja, na juu ya hapo tabaka nene la vanishi hufunga mdomo wa ubao, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea amejifunika blanketi.

Ufa sasa. Kabla ya gundi lazima ujue ni ufa wa mbao au wa rangi tu. Zima taa, weka tochi ya simu ndani ya gita, tazama usoni. Mwanga ukipita, ni ufa kamili. Tazama pia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, ubao ni mzima, ukiona tabaka tatu kama mkate uliopakwa siagi, ni plaiwudi. Katika picha yako mistari inashuka. Ubao mzima, ufa wa kweli.

Usiufunge kwa nguvu. Ubao ulionywea ukiubana kwa jiriwa leo, utapasukia pengine kesho. Ulishe unyevu kwanza. Chukua kisahani cha sabuni cha plastiki chenye kifuniko, kitoboe matundu, tia ndani kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa, kiweke ndani ya gita kupitia tundu la sauti, funga gita lote ndani ya karatasi kubwa ya nailoni. Rudia kuloweka kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili utashangaa: ufa uliokuwa unapitisha ukucha utakuwa umejifunga mwenyewe ukawa kama unywele. Kama unafanya hivi Januari au Februari, Nairobi ikiwa kavu, subiri wiki mbili kamili. Msimu wa mvua ya masika kazi nusu hufanywa na hewa. Ukiona ukungu, umezidisha maji.

Ukishajifunga, gundi nyeupe ya kawaida ya mbao inatosha. Pakaza juu ya ufa, kisha mkono mmoja ndani ya gita usukume ubao kwa kidole juu chini, juu chini, taratibu, mpaka uone gundi inanyonywa kama maji kwenye mchanga. Futa ya juu kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa ndani ufa unahitaji viraka vitatu, vipande vya mbao nyepesi vya sentimita moja na nusu kila upande, unene wa milimita 2, mistari ya mbao ikikatiza ufa na si kufuatana nao. Vipande vya msonobari utapata bure kwa wauza mbao wa Gikomba, kwenye takataka za randa. Shida ni jinsi ya kuvibana mahali ambapo mkono haufiki vizuri. Jibu liko barabara ya Luthuli: waombe wanaofungua kompyuta mbovu sumaku za ndani ya hadi diski. Ni ndogo lakini zina nguvu za ajabu. Moja ndani juu ya kiraka, nyingine nje juu ya uso ukiwa umeweka karatasi ya nailoni katikati, zinavutana na kukibana kiraka barabara. Angalia vidole, zinauma. Ziache saa 24.

Huo mtetemo wa ndani ni ubavu ulioachia. Gonga uso kwa kifundo cha kidole, sogea taratibu. Pale sauti inapogeuka kutoka "tu" kuwa "trr" ndipo penyewe. Ingiza kioo kidogo cha kujipodolea na tochi, jaribu kupenyeza karatasi kati ya ubavu na uso. Ikipenya, sukuma gundi kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, ieneze kwa karatasi hiyohiyo, kisha simamisha kijiti kati ya ubavu na ubao wa nyuma kama nguzo, kiwe kirefu kwa unywele tu kuliko nafasi yenyewe ili kisukume. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi. Kwa kingo za pembeni zilizofunguka, kata tyubu ya baiskeli kuwa utepe mrefu, uzungushe gitani kama bandeji. Hakuna jiriwa ya dukani inayobana kwa upole namna ile.

Nati naipenda kuliko kazi zote, labda kwa sababu ni kitu kidogo kinachosikika katika kila noti isiyoshikwa. Usinunue plastiki nyingine. Nenda kwa wachongaji wa mifupa wa Kibera, wale wanaotengeneza shanga na mikufu, uombe kipande cheupe cha mfupa wa ng'ombe kilichokwisha safishwa mafuta, urefu wa upana wa shingo yako na ziada kidogo. Kisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo cha dirisha mpaka kikae mahali pa kile cha zamani bila kuyumba. Mifereji sita inahitaji tupa nyembamba sana ambazo ni ghali, lakini maduka ya vifaa vya uchomeleaji huuza kifurushi cha vijiti vyenye meno vya kuzibulia mdomo wa gesi, unene tofauti tofauti. Hivyo hivyo ndivyo tunavyotumia. Chonga mfereji ukiteremka kuelekea kichwani ili uzi uguse ukingo wa mbele tu. Ukishaweka uzi, ubonyeze kwenye freti ya 3, tazama freti ya 1: lazima kubaki nafasi ndogo kama unene wa karatasi ya daftari. Kama nafasi ni kubwa, endelea kuchonga, mara mbili tatu kisha pima. Kama uzi umelala kabisa juu ya freti, umepita; weka tone la gundi kali na unga wa mfupa uliobaki, likauke, uanze mfereji huo upya. Mimi hata leo huupita mmoja kati ya sita.

Masikio: tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila gia, zungusha, futa. Yale mawili yaliyovunjika, usinunue seti nyingine kabla hujapima umbali kati ya nguzo moja na nyingine, katikati kwa katikati, kwa sababu ya zamani na ya sasa hayalingani na utajikuta unatoboa kichwa cha babu. Freti zako zimeliwa kidogo tatu za kwanza, kawaida, ni za shaba na ni laini. Ukikutana na mlio wa kukwaruza baadaye tutazisawazisha. Sasa hivi zisugue tu kwa pamba laini ya chuma ukiwa umefunika ubao kwa utepe wa karatasi.

Shingo ikirudi kutoka kwangu, ndipo daraja. Kulipunguza usilikate juu, kwenye mifereji ya nyuzi, lipunguze chini. Laza karatasi ya msasa juu ya uso wa gita, upande wenye ukali ukitazama juu, pale hasa daraja linapokaa. Simamisha daraja juu yake, lisugue mbele na nyuma kwa safari fupi. Uso wa gita kuukuu umevimba kidogo, haukunyooka kama meza, na kwa njia hii nyayo za daraja zitachukua umbo la uvimbe huo. Daraja lililogusa uso lote linapitisha sauti lote. Nadhani hii peke yake ndiyo itakayokupa ile sauti kubwa anayoitafuta kaka yako. Simama kila baada ya nusu milimita, weka nyuzi mbili za nje, pima.

Mahali pa kuliweka: kutoka nati hadi freti ya 12 ni sentimita 31, kwa hiyo daraja liwe sentimita 62 kutoka nati, kisha lirudishe nyuma milimita 2 upande wa uzi mwembamba na kama 4 upande wa uzi mnene. Hakikisha kwa sikio. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 utoe ile sauti ya kengele, halafu ubonyeze palepale uupige. Ukibonyezwa ukitoa sauti ya juu kuliko kengele, daraja lisogee nyuma; ukitoa ya chini, lisogee mbele. Ukishapata, weka alama ndogo ya penseli kila upande, maana siku utakayobadilisha nyuzi zote kwa pamoja daraja litaanguka.

Nyuzi. Seti aliyonunua kaka yako inaanzia .012, zikikazwa zote kwa pamoja zinavuta uso na shingo kwa karibu kilo 70. Mbavu za ngazi zilizokauka miaka yote hiyo juu ya moto hazitauweza mzigo huo. Nunua zinazoanzia .010, mvuto wake unakaribia kilo 60. Tena kwa miezi miwili ya kwanza zikaze nusu sauti chini ya kawaida: mvuto unapungua kwa asilimia 11 hivi kwa hatua hiyo moja, na ukishuka sauti nzima unapungua kwa asilimia 21. Wapigaji wengi wa zamani walishusha hivyo kufuata koo zao, hutakuwa umeharibu kitu. Siku ya kwanza usifike huko moja kwa moja: kaza nusu njia, lala, asubuhi endelea. Na nikutahadharishe kwa ajili ya wasomaji wengine: hizi ni nyuzi za chuma kwa gita lililozaliwa na chuma. Mwenye gita la nailoni, lile la kiklasiki, asithubutu, darajani patang'oka.

Kuhusu pesa, ukiliuza gita hili halitarudisha gharama, hata likipona kabisa. Gharama kubwa ni kazi ya shingo, na hiyo nitakupa bei nikishaliona, siyo kwa picha. Vitu vyako vingine vyote, gundi, msasa, mfupa, nyuzi, sumaku za kuomba, havizidi bei ya gita jipya la bei ya chini kabisa mjini, lile ambalo nalo litakuja kwangu baada ya miezi sita nyuzi zikiwa juu. Ukutani ukilitundika halitadhurika, ila usilitundike ukuta wa upande wa jua la saa nane.

Ukija nalo Ngara, njoo asubuhi. Legeza nyuzi kabla ya kutoka nyumbani, na kwenye matatu usikubali kondakta aliweke kule mbele kwenye kifuniko cha injini. Joto la pale ni jiko jingine la babu. Lishike mapajani. Na vile vipande vya masikio yaliyovunjika, pamoja na ile nati iliyokatika, vitie kwenye bahasha uje navyo hata kama vinaonekana takataka. Nati ya zamani ndiyo itakayonionyesha nyuzi zilikuwa zimeachana kwa kiasi gani babu alipokuwa akipiga, na nataka vidole vyako vikute nafasi hizohizo.